Waajiriwa wa Miguu Minne

Ukishuka Kiluvya ukaiacha Barabara ya Morogoro na kuingia mitaa ya ndani, kabla hujakutana na mtu utakutana na maandishi. Geti la kwanza lina rangi nyekundu: MBWA MKALI. La pili: MBWA MKALI SANA. La tatu, ambalo kwa kweli ni mabati mawili yaliyofungwa kwa waya, limekwenda kwenye wingi kabisa: TAHADHARI MBWA WAKALI. Chini yake fundi rangi kachora mbwa mwenye masikio ya sungura. Nyumba hiyo haina mbwa. Haijawahi kuwa naye. Mwenye nyumba alitengenezesha kibao kwanza, akasema mbwa atamtafuta mwisho wa mwezi, na kila mwezi unapoisha kuna ada ya shule.

Kiluvya kwa ramani ni Kisarawe, lakini ukitembea kidogo kuelekea bara umeshaingia Kibaha, na wakazi wenyewe hawajishughulishi sana na mpaka huo. Wengi walihamia huku kutoka Manzese, Tabata na Mbagala kufuata viwanja. Walikotoka walikuwa wapangaji wa chumba na sebule, na mnyama pekee waliyeishi naye alikuwa panya, ambaye naye alikuwa mali ya mwenye nyumba. Huku wana uwanja, mwembe, tangi la maji, na ukuta uliofika kiunoni ukasubiri fedha. Uwanja mtupu haukai. Baada ya muda unaona kamba imefungwa kwenye mti, na mwisho wa kamba kuna kiumbe.

Ila usithubutu kumwambia mtu wa huku kwamba anafuga kwa mapenzi. Mapenzi kwa mnyama ni mambo ya wazungu na ya watoto. Mtu mzima wa Kibaha au Kisarawe hafugi mnyama wa kumpenda, anamwajiri. Mbwa ni mlinzi. Paka ni wa panya. Kuku ni mtaji. Mbuzi ni wa Idd. Kila mmoja ameingia kwenye uwanja kwa cheo chake, na ukimuuliza baba mwenye nyumba atakutajia majukumu yao bila kusita. Kinachofurahisha ni kwamba sehemu kubwa ya wafanyakazi hawa hawafanyi kazi waliyoitiwa, na hakuna anayefukuzwa.

Nianze na mlinzi. Mbwa ninayemzungumzia alitoka Chole. Chole nayo ni Kisarawe hiyo hiyo, lakini ni Kisarawe ya mbali na lami, nchi ya mihogo na mikorosho. Kule mbwa hahitaji kibao. Usiku nguruwe pori wanaingia shambani na kufukua mihogo, mchana ngedere wanamalizia kilichobaki, na mkulima mwenye mbwa wawili wazuri analala usingizi ambao jirani yake haujui. Kwa hiyo jamaa yetu mmoja wa Kiluvya alipoibiwa pampu ya maji, ujumbe ulikwenda moja kwa moja kwa mjomba wake Chole: tuletee mbwa. Mjomba akaja naye juu ya lori la mihogo, kamfunga kamba ya katani, na sifa zake zikateremshwa kabla yake. Huyu, mjomba alisema huku akipangusa vumbi, alimtoa nguruwe jike mwenye watoto kwenye shamba la shangazi yako, peke yake, usiku wa manane.

Sifa hizo zilikuwa za kweli. Tatizo ni kwamba Kiluvya hakuna nguruwe jike. Usiku wa kwanza mlinzi alikaa macho hadi alfajiri akisikilizia nguruwe, hakusikia. Alichosikia ni bodaboda yenye ekzosi mbovu, na alipoisikia akaingia uvunguni mwa gari na kutoka saa tatu asubuhi, mgongo umepakaa oili. Wiki hiyo hiyo mwizi alikuja kweli. Alichukua ndoo mbili na beseni. Kulipokucha, mchanga ulikuwa umeandika taarifa yote: nyayo za mtu na nyayo za mbwa, zimeongozana kutoka kwenye kamba ya nguo hadi njia panda, hatua kwa hatua, bila dalili ya haraka. Mbwa alirudi. Ndoo hazikurudi.

Jirani wa nyumba ya pili ni Mnyamwezi, na Mnyamwezi ni mtani halali wa Mzaramo tangu enzi za misafara ya wapagazi waliokuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu. Hakuiachia nafasi hiyo ipite. Alisimama kwenye ule ukuta wa kiunoni akatoa hukumu kwamba familia haina sababu ya kulalamika: mbwa wa Kizaramo, mlitaka afanye nini? Kamsindikiza mgeni.

Na kweli, mbwa huyu anaheshimu mno wageni. Pwani hakuna kuingia uwanja wa mtu bila hodi. Mgeni anasimama pembeni, anapiga hodi, wenyeji wanainuka, wanaitikia karibu, wanatoka. Mbwa aliyatazama haya akayaelewa kwa namna yake. Kila neno hilo linapotamkwa, nyumba nzima inainuka na kutoka nje ikiwa na uso wa furaha, naye anatoka, mkia unapepea. Sasa ukimwita kwa jina lake halisi anakutazama tu. Ukisema hodi anakuja mbio. Watoto wameshabaini, na anapopotea mtaani utawakuta wamesimama njiani wanapiga hodi kwenye vichaka.

Watu anaowabwekea ni wachache, na amewachagua vizuri. Habwekei muuza mkaa, habwekei kijana wa gesi, habwekei mtu anayepita saa nane usiku na mzigo kichwani. Anambwekea yeyote mwenye mwavuli, na anambwekea mjumbe anapopita na daftari la michango. Suala la mwavuli hakuna aliyelifumbua. Suala la daftari limempa heshima kubwa kuliko yule nguruwe wa Chole, na nasikia siku hizi chakula chake kina vichwa vya kuku.

Majina ya mbwa nayo ni habari inayojitegemea. Zamani walikuwa Simba, Tomi, Popi na Bobi, basi. Siku hizi jina la mbwa ni barua kwa jirani. Kanga imefanya kazi hiyo miaka mingi: unanunua doti yenye maneno unayoyataka, unajifunga, unapita taratibu mbele ya nyumba ya mhusika. Lakini kanga inahitaji jirani awe anatazama. Mbwa anaitwa kwa sauti. Mama mmoja wa upande wa Picha ya Ndege alimpa mbwa wake jina la Hayawahusu, na kila magharibi alisimama nyuma ya jiko akaita kwa kuvuta, Hayawahusuuu, njoo ule! Aliyekusudiwa alivumilia kwa muda. Kisha naye akaleta mbwa, mdogo, mwekundu, akamwita Tunayajua. Tangu hapo jua likizama mtaa ule unasikiliza majibizano ya wanawake wawili ambao hawajasemeshana, na mbwa wao, ambao ni marafiki wakubwa, wanapishana mlangoni wasijue waende kula wapi.

Mambo hayo yangebaki ya mtaani kama si chanjo. Kila tarehe 28 Septemba dunia inaadhimisha siku ya kichaa cha mbwa. Ni tarehe aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, miaka kumi baada ya kumchanja mtoto aliyeng'atwa na mbwa mwenye kichaa na kumwokoa. Kwenye kampeni za chanjo maofisa mifugo wanaweka meza chini ya mwembe, kwenye kivuli cha shule au ofisi ya mtaa, na familia zinakuja na mbwa wao. Sherehe yenyewe ni namna wanavyofungwa. Huyu kaja na kamba ya katani, huyu mkanda wa suruali wa baba, huyu kipande cha kanga, huyu waya wa antena. Kuna mtoto anayemvuta mbwa, na nyuma yake kuna mbwa anayemvuta mtoto. Mbwa mkali wa geti la pili, yule mkali sana, kaletwa amebebwa mgongoni kwa kitenge, kajificha uso.

Mama wa Hayawahusu alifika mezani. Ofisa, kalamu mkononi, akauliza jina la mbwa.

"Hayawahusu."

Ofisa akaweka kalamu chini. "Mama, nauliza jina la mbwa, niandike kwenye cheti."

"Ndiyo, baba. Hayawahusu."

"Yananihusu, mama. Ndiyo kazi iliyonileta."

Foleni nzima ilikuwa imeshaanguka kicheko kabla mtu mmoja mwenye huruma hajaenda kumnong'oneza ofisa. Akaandika, akachanja, akatoa cheti, akaita anayefuata. Jina? Tunayajua. Wanasema alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu.

Hapo naomba nisimame kidogo kwenye jambo lisilo la kuchekesha. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Wataalamu wanasema mkichanja 7 kati ya kila mbwa 10 ugonjwa unakosa pa kupita. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa ni wa jirani na ana jina zuri. Tuendelee.

Ukanda huu Waislamu ni wengi, na wengi wao wanafuata madhehebu ya Shafi. Kwao mate ya mbwa ni najisi: kilichoguswa kwa majimaji kinaoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Mbwa wa ulinzi anaruhusiwa, ila mahali pake ni nje. Hivyo kati ya mbwa na wazee wa kanzu kuna mipaka inayojulikana, na mipaka hiyo inaheshimiwa na pande zote isipokuwa upande wa mbwa. Yule wa Chole kampenda mzee mmoja tu mtaa mzima, naye ndiye mwenye kanzu nyeupe kuliko wote. Ijumaa mzee akitoka, mbwa anatoka. Mzee ananyoosha bakora pembeni, mbwa anaupima urefu wake, anashika umbali huo, na wanakwenda hivyo hadi msikitini. Mbwa anasubiri chini ya mti. Swala ikiisha wanarudi kwa mpangilio ule ule. Mzee anasema anafuatwa. Mkewe anasema mbona siku mbwa akichelewa unasimama njiani unafunga kifungo cha kanzu ambacho tayari kimefungwa?

Siku ya hitma kwa jirani ndipo mahusiano hayo yalipopimwa. Mikeka imetandikwa, wanaume wamekaa ndani ya turubai, na nje, kama ilivyo ada, viatu: makubazi, kandambili, viatu vya ngozi vya wageni wa mjini, raba za vijana. Watu walisoma, wakala pilau, wakanawa, wakaomba ruhusa. Wakatoka. Kila mtu alikuta kiatu kimoja.

Hiyo ndiyo ilikuwa ajabu yake, kwamba haikuwa fujo. Hakuna kilichotafunwa wala kilichotupwa. Kila pea ilikuwa imepunguzwa kwa haki. Wageni wa mjini walisimama kwa mguu mmoja wakitazamana. Sheikh alipewa kandambili ya mtoto avae huku msako ukiendelea. Vijana walifuata nyayo hadi nyuma ya tangi la maji, na huko wakakuta hazina yote imelazwa kwenye kivuli, na mwenye hazina kalala katikati yake, kaweka kidevu juu ya kubazi la yule mzee wa kanzu. Ya mzee peke yake ndiyo yaliyochukuliwa yote mawili.

Mtu mmoja alisema huyu mbwa ni mwizi, apigwe. Mzee akamkatalia. "Mwizi huchukua pea," alisema. "Huyu anakusanya." Kisha akakumbuka kuwa ya kwake yalichukuliwa pea, akanyamaza. Watoto walipewa kazi ya bombani jioni nzima, maji mara sita na udongo mara moja, kiatu kwa kiatu, wakihesabu kwa sauti, na palipotokea ubishi wa hesabu wakaanza upya.

Upande wa Kisarawe mjini, kwenye nyumba zinazopakana na misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, walinzi wana mtihani mwingine: komba. Usiku komba anaruka kutoka mwembe kwenda mabatini, na mkubwa akilia, mgeni anaweza kuamka kutafuta mtoto aliyeachwa nje. Misitu hiyo ina hata komba mdogo wa Rondo, mwenye uzito wa gramu 60 hivi, ambaye duniani kote anapatikana kwenye vipande vichache tu vya misitu ya pwani ya Tanzania. Watafiti wanasafiri mbali kuja kumtafuta kwa tochi. Mbwa wengi wa Kisarawe ninaowajua wangelipa nauli waende asikokuwapo.

Paka aliingia kwa mlango mwingine kabisa. Nyumba nyingi alikaribishwa baada ya panya kutoboa gunia la mahindi, na mkataba wake uliwekwa wazi na baba mwenye nyumba mbele ya mashahidi: atalala stoo, atakula atakachokamata, na sebuleni haingii. Nina mzee mmoja Kibaha, mstaafu, mtu wa suti za kaunda na taarifa ya habari ya saa mbili, aliyetamka maneno hayo kwa ukali uliowafanya watoto wamwonee paka huruma. Leo paka anaishi juu ya king'amuzi. Kile kisanduku kina joto, naye kakigundua mapema. Mkia wake unaning'inia mbele ya runinga, na kwa bahati mbaya unaangukia pale pale msomaji wa habari anapokaa, kwa hiyo familia inasikiliza habari za nchi zikitoka nyuma ya mkia. Hakuna anayemwondoa paka. Wanahamisha vichwa. Siku mgeni mmoja aliponyoosha mkono amteremshe, mzee alimwambia taratibu, "Mwache tu, ndugu yangu, anachunga panya."

Panya juu ya king'amuzi hawajawahi kuonekana.

Mke wa mzee ndiye aliyefichua ukweli wenyewe, tena bila kukusudia. Alikuwa anafua. Kabla ya kuloweka shati la kaunda alipekua mifuko kutafuta chenji, na vidole vikakutana na vichwa vya dagaa. Mfuko wa juu, vichwa vya dagaa. Mfuko wa chini kushoto, dagaa wazima, waliofungwa kwenye karatasi ya gazeti kwa ustadi wa mtu aliyezoea. Aliwapanga juu ya meza ya chakula, hakusema neno. Mzee alirudi, akawaona, akasema vijana wa siku hizi wanachezea mifuko ya watu. Paka akashuka kwenye king'amuzi, akapanda mezani, akamaliza ushahidi.

Kwa paka, tofauti na mbwa, dini haina shida. Si najisi, na mmoja wa masahaba wanaokumbukwa sana, Abu Huraira, alibeba lakabu hiyo kwa sababu ya kupenda paka. Paka wa pwani wanajiendesha hivyo hivyo, kwa kujiamini. Mswala ukitandikwa, paka anafika kabla ya mwenye mswala na kujilaza pale pale paji la uso linapotakiwa kugusa. Mama anaswali akisujudu pembeni kidogo. Akimaliza anamkemea. Kesho yake anatandika mswala na paka yuko njiani.

Na panya? Panya wanaendelea vizuri, ahsante. Tena wana haki ya kujivuna. Kutoka hapa Kibaha hadi Morogoro ni safari ya asubuhi moja tu, na pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa hapo Novemba 2013, alipelekwa Kambodia, akafanya kazi hadi 2021 na kugundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100. Septemba 2020 shirika la PDSA la Uingereza lilimtunuku nishani ya dhahabu kwa ushujaa, panya wa kwanza kuipata. Magawa alifariki Januari 2022, mstaafu mwenye heshima zake. Namfikiria yule paka wa king'amuzi, na sijui kama kuna siku mtu atamtengenezea nishani, na kwa kazi gani.

Kuku ndio pekee wanaojaribu kuleta faida, na ndio wanaosumbua zaidi. Kibaha ina uhusiano wa pekee na kuku: chanjo ya kideri inayotumika nchini inatengenezwa hapo hapo, kwenye taasisi ya chanjo ya Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Mbegu yake, inayoitwa I-2, ilianzia Australia, na sifa yake kubwa ni kwamba inastahimili joto kuliko chanjo nyingi, hivyo inafika hata vijijini ambako friji ni hadithi. Ni tone moja tu jichoni, kila baada ya miezi mitatu. Kideri kikiingia bila chanjo, banda linaweza kubaki na vyombo vya maji tu.

Tone moja jichoni. Ukisoma ni rahisi. Fika basi uone familia ikifanya zoezi hilo usiku, kwa sababu mchana kuku wa kienyeji hakamatiki. Baba kashika kichupa. Mama kashika tochi. Watoto wameingia bandani, na kutoka ndani zinasikika kelele, manyoya na tuhuma. Kila kuku akitolewa unazuka mjadala kama keshachanjwa au la, maana mweusi mmoja gizani ni sawa na mweusi mwingine. Wenye akili wanafunga uzi mguuni. Wasio na uzi wanategemea kumbukumbu ya mtoto wa darasa la pili, ambaye anawajua wote kwa majina na tabia, na anaapa kwamba huyu keshapata, huyu ndiye aliyemdonoa bibi. Jogoo huwa wa mwisho. Tone lake kwa kawaida linaishia kwenye jicho la baba.

Kuna pia mtetea aliyeamua kwamba banda si hadhi yake. Kila uwanja unaye. Anapita mlango wa nyuma, anavuka sebule bila kutazama mtu, anaingia chumbani na kutaga kwenye tenga la nguo zilizokwisha kupigwa pasi. Akimaliza anatangaza. Familia inamlaani, inaokota yai, na siku asipokuja wanaanza kuulizana kama anaumwa. Vifaranga wake wanapakwa rangi ya zambarau au waridi ili mwewe na kunguru wasiwatambue. Huyu kunguru mweusi wa India, aliyeletwa Zanzibar miaka ya 1890 na baadaye kuenea bara, keshazoea. Nimewahi kumwona ametua ukutani akitazama vifaranga wa waridi, kichwa kakipinda, bila haraka yoyote.

Wa mwisho ni mbuzi, na huyu kisheria hakupaswa kuwa tatizo. Mbuzi wa Idd el-Hajj ananunuliwa mapema bei ikiwa chini, anafungwa mwembeni, analishwa, siku yake inafika. Ndivyo babu mmoja wa Mlandizi alivyofanya. Alimleta beberu mweupe mwenye doa jeusi jichoni na kuwakabidhi wajukuu kazi ya majani. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu mtoto ukimpa mbuzi na wiki mbili, wiki ya kwanza haiishi hajampa jina. Aliitwa Kapteni. Alifundishwa kusalimia kwa kichwa. Alikula madaftari, akala kona ya pazia, akala cheti cha kuhitimu chekechea cha mmoja wao, na akasamehewa yote.

Zikiwa zimebaki siku chache, mjukuu wa kike wa darasa la nne alirudi kutoka madrasa na habari nzito. Mwalimu alikuwa amewafundisha masharti ya mnyama wa kuchinja: asiwe na upofu wa jicho, asiwe mgonjwa, asiwe amekonda hadi mifupa, asiwe kilema anayechechemea waziwazi. Watoto walikaa kikao nyuma ya choo. Kesho yake asubuhi Kapteni alikuwa anachechemea.

Babu aliitwa aje aone. Alikuja, akazunguka, akatikisa kichwa kwa masikitiko. Akasema haya mambo hutokea, tumwangalie hadi kesho. Kesho yake Kapteni alichechemea vizuri zaidi. Babu akachuchumaa, akapapasa mguu kwa utaratibu, na chini ya manyoya, juu kidogo ya kwato, akakuta uzi wa viatu umekazwa na kokoto imebanwa ndani yake. Akaufungua polepole, akautazama, akawarudishia wenyewe.

"Mwambieni daktari wake," alisema, "jana alikuwa anachechemea wa kulia."

Hakugomba zaidi ya hapo. Jioni alivaa kofia akaenda kwa majirani, akarudi na taarifa kwamba amejiunga nao kwenye ng'ombe, maana ng'ombe mmoja anatosha watu saba na wao walikuwa wamepungukiwa mmoja. Sababu aliyoitoa ni kwamba bei ya majani imepanda. Majani yanaota bure nyuma ya nyumba.

Siku ya Idd nyama ililetwa ndani ya sufuria kubwa, imefunikwa sinia. Bibi alikuwa na wasiwasi kwamba watoto watasusa, akawakaangia mayai pembeni. Hawakuyagusa. Ng'ombe hawakumwona, hawakumlisha, na hakuna aliyewaambia anaitwa nani. Walikula pilau hadi ukoko, wakaomba waongezewe, na maganda ya viazi wakampelekea Kapteni.